O Moja au Mbili

…maana ameandika "Dada, please don't loose it", o mbili zimenikodolea macho kwenye simu, nami wembe uko mkononi, juu ya mshono wa ubavuni, gauni la harusi la marehemu mama limejaa mapajani mwangu, na mdogo wangu anaolewa kesho saa nne, jana kalijaribu zipu ikagoma katikati ya mgongo, akabana pumzi, akasema kwa kisauti chembamba, "Si unaona linanitosha?", linatosha wapi, mtu anazungumza maneno mawili anapumzika…

"Mpigie umuulize," ananiambia fundi mwenzangu bila kuinua macho kwenye cherehani yake, nimepiga mara tatu, yuko saluni, kichwa kimo ndani ya mashine ya kukaushia nywele, atasikia nini, basi tufikiri wenyewe, lose ya o moja ni kitenzi, kupoteza, inaishia na mvumo wa z, loose ya o mbili ni kivumishi, kitu kilicholegea, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akivuta kiuno cha suruali yake kutuonyesha, "Looss! Looss!", mpaka siku kifungo kilipomruka suruali ikashuka magotini, darasa zima tukakijua kivumishi kile maisha yetu yote… sasa huyu bibi harusi anasema nini, usililegeze, kwamba atajinyima chakula mpaka kesho aingie hivyo hivyo, au usilipoteze, na hapo ndipo panaponichoma, kwa sababu kitambaa cha kichwa cha mama nilikisahau mimi kwenye basi, mwaka wa sita huu, hajanilaumu hata siku moja, anauliza tu, "Dada, mkoba umeshika?", kila tukishuka, kila mara…

lakini ngoja, ngoja kwanza, baada ya don't kinakuja kitenzi, huwezi kumwambia mtu usirefu, usieupe, na kulegeza kwenyewe ni loosen, ina n mkiani, kwa hiyo ni lose, kidole kimeteleza kikagonga o mara mbili, anachoogopa ni gauni kupotea, kulipanua hajakataza… "Wewe unaongea peke yako," fundi mwenzangu anasema, "sindano haijui Kiingereza, fumua!", naugeuza mshono nione kama kuna kitambaa cha akiba, kipo, tena kingi, na pembeni yake kuna mstari wa vitundu vidogo, sindano ilishapita hapa zamani, mshono wa kwanza ulikuwa ndani zaidi, kumbe mama naye! kumbe na yeye zipu ilimgomea, na picha yake ile ya harusi ukutani nyumbani anavyocheka mdomo wazi, sisi tukidhani ni mapenzi matupu, kumbe ameongezewa vidole viwili ubavuni… nacheka mpaka machozi yanataka kudondoka kwenye satini, nayafuta kwa bega, na mdogo wangu masikini, wala hanisuti, ana kitu kimoja tu kilichobaki cha mama na amekileta kwangu, angeweza kumpelekea fundi yeyote mjini, akanipa mimi, mimi wa basi…

"Haya, umeamua?"

"Ni kitenzi."

Mashine yake inanyamaza. "Kitenzi ndiyo nini sasa?"

"Ndiyo kwamba kesho bibi harusi atapumua."