Maiki ya Mashine Namba Nne

Bi Nieves Ccapa alifika kwenye kafe yangu ya intaneti saa tatu na dakika arobaini na nane asubuhi, akinuka moshi wa tanuri. Karatasi ya mahakama alikuwa ameikunja mara nne na kuiingiza kwenye mkono wa sweta. Nyama ya kondoo anayoiuza alikuwa ameiacha tanurini chini ya uangalizi wa shoga yake, na tangu anaingia alikuwa akitazama mlango kana kwamba angeweza kuiona kutoka pale.

Nilimpa mashine namba nne kwa kuwa iko mbali na barabara.

Sikuwa na haja ya kuuliza kesi ilihusu nini. Ayaviri, huku milimani Peru, ni mji mdogo. Dada yake alikufa miaka sita iliyopita akaacha mtoto wa miaka mitatu, Rosmery, na Bi Nieves ndiye aliyemlea. Baba wa mtoto, Edilberto, muda wote huo alikuwa Tacna, mbali kusini. Sasa alikuwa na mke, nyumba na wakili, na alimtaka mtoto. Hati ilieleza mambo kwa ufupi: kikao kimoja, saa nne kamili, kwa njia ya mtandao, upande ambao haungejitambulisha kwa sauti hadi saa nne na robo ungehesabiwa kuwa haukufika, na hakimu angeamua kwa kumsikiliza aliyefika.

"Mtoto yuko wapi?" niliuliza huku nikiandika linki.

"Shule. Nimemwambia nakwenda kununua makaa."

Saa nne kasoro dakika tano tulikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri. Saa nne kamili kioo kiligawanyika: hakimu, ambaye alikuwa mwanamke mwenye miwani, karani wake, wakili wetu Apaza akiwa Puno, Edilberto akiwa na tai, na wakili wake. Bi Nieves alijiona kwenye kona, akarekebisha kofia yake.

Karani alimwita. Akajibu. Karani akamwita tena.

"Nipo, baba, nipo hapa!"

"Bi Ccapa, tunakuona lakini hatukusikii."

Tatizo la namna hii lina sababu zisizozidi tano, na nilizifuata kwa mpangilio. Kwanza ruhusa. Nilibonyeza alama ya kufuli kando ya anwani: kivinjari kilikuwa kimezuia maiki. Nikaruhusu, nikaufungua ukurasa upya. Ruhusa ilikuwepo, lakini ule mstari wa kijani unaopanda na kushuka mtu anapoongea ulibaki umelala.

"Ongea, mama."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Edilberto, hata meno yake ya kwanza yalipong'oka hukuyaona."

Mstari haukutikisika. Kwa upande huo ilikuwa heri.

Pili, kifaa chenyewe. Nilichomoa hedifoni zenye maiki, nikachomeka za mashine namba tano, kisha mpya kabisa kutoka kabatini. Hakuna kilichobadilika, hata nilipozijaribu kwenye namba tano. Niliandika kwenye sehemu ya ujumbe: *Bi Ccapa yupo na anawasikia. Maiki ina hitilafu. Tunashughulikia.* Karani aliisoma kwa sauti, akaongeza kuwa maandishi hayatoshi, kwa sababu kiapo huapwa kwa mdomo. Ilikuwa saa nne na dakika nne.

"Tumia simu yako," alisema Percy Huanca kutoka namba tisa. Percy ni dereva wa bajaji. Bajaji yake ilikuwa kwa fundi, na tangu saa mbili alikuwa akiua watu kwenye mchezo wake.

"Simu yangu iko Juliaca, inabadilishwa kioo. Lete yako."

Aliileta. Linki haikufunguka. Bando lake lilikuwa lile la bei ya chini, la kutumiana ujumbe na kutazama picha za watu, na kitu kingine chochote kilikuwa nje yake. Mimi sijaweka mtandao usio na waya, kwa sababu wateja wangekaa kwenye ngazi za jirani badala ya viti vyangu. Simu ya Bi Nieves ilikuwa ya vitufe.

"Dada Gladis, una kompyuta kumi na mbili na hakuna hata moja inayosema?" Percy alicheka. "Hii siyo kafe, ni makaburi."

"Rudi kwenye vita vyako."

Ndipo nikafanya kosa. Mikono yangu ina mazoea yake: mashine ikigoma, naizima na kuiwasha. Saa nne na dakika sita niliizima namba nne. Uso wa hakimu ukatoweka, na Bi Nieves akanishika mkono kwa nguvu nisizozitarajia.

"Umewafunga?"

"Watarudi."

Nilikumbuka kabla sijamaliza kusema. Mashine zangu zote zimegandishwa, kama zilivyo za kafe nyingi: kila zikiwaka hurudi zilivyokuwa siku nilipozipanga, na chochote mteja alichokiweka, kirusi au picha au mipangilio, hufutika. Ndivyo zinavyodumu. Kwa hiyo kila nilichorekebisha kilikuwa kimefutwa, ruhusa ikiwemo, na dakika nne zingepotea zikisubiri mashine iwake.

Bi Nieves hakuketi. Alikwenda mlangoni, akarudi, akasimama nyuma ya kiti changu akipumua shingoni mwangu. Alianza kuniambia mambo kwa haraka, kama vile mimi ndiye hakimu: kwamba Rosmery hulala na taa, kwamba ana mzio wa mayai, kwamba baba yake alipompigia mara ya mwisho alimwita Rosario.

"Yaseme hayo kwao," nilisema.

"Kwa kinywa kipi?"

Saa nne na dakika kumi mashine iliwaka. Linki, ukumbi wa kusubiri, ruhusa. Karani alitukubali. Wakili wa Edilberto alikuwa tayari anaongea: mlalamikiwa ameondoka kikaoni, alisema, na anaomba iandikwe hivyo. Apaza alipinga. Hakimu alitazama saa yake.

Zilibaki sababu mbili ambazo sikuwa nimezigusa. Nilifungua orodha ya vifaa vya mashine. Kifaa kilichoharibika huonyeshwa kwa alama ya njano. Maiki haikuwa na alama ya njano. Ilikuwa na mshale mdogo mweusi ulioelekea chini, na mshale huo una maana moja tu: kifaa ni kizima, ila mtu amekizima.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Miaka mitatu iliyopita wachezaji walikuwa wakitukanana kupitia maiki toka asubuhi hadi jioni, na akina mama waliokuja kujaza fomu walianza kwenda kwingine. Jumapili moja nilizizima maiki zote kumi na mbili, nikagandisha mashine zikiwa hivyo, na nikafurahia ukimya. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kusema kitu.

Niliiwasha. Nikaufungua ukurasa upya, nikaruhusu kwa mara ya tatu.

"Ongea."

Bi Nieves alishika kofia yake kwa mikono miwili. Percy, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alimgusa bega. "Mama, jina lako tu."

"Nieves Ccapa Quilla," alisema, na mstari wa kijani ukaruka. Kisha akataja namba ya kitambulisho chake, tarakimu nane, bila kukosea.

Saa nne na dakika kumi na tatu.

"Tumekusikia," alisema karani.

Wakili wa Edilberto alikuwa na pingamizi mbili. Bi Ccapa aliondoka kikaoni kwa hiari kwa dakika tano, alisema. Na kuna watu anaoongea nao pembeni, labda wanaomfundisha la kusema. Hakimu akavua miwani.

"Nani yuko hapo chumbani?"

Nilisogea mbele ya kamera. "Gladis Yucra Mamani, mwenye kafe hii."

"Ni nini kilitokea?"

"Maiki za mashine zote hapa nilizizima mimi miaka mitatu iliyopita, nikasahau. Mama huyu aliingia kwenye ukumbi wa kusubiri saa nne kasoro dakika tano. Hakuondoka. Mimi ndiye niliyeizima mashine saa nne na dakika sita, bila kumuuliza."

"Una uhakika na saa hiyo?"

"Rejista ya muda wa wateja huiandika, nayo haifutiki. Naweza kukutumia ukurasa huo sasa hivi."

"Tuma." Akausoma, midomo ikitembea. "Iandikwe kuwa Bi Ccapa alifika kwa wakati na kwamba hitilafu haikuwa yake. Sasa wewe na huyo kijana mtoke. Shahidi husema peke yake."

"Ni dukani kwangu, mheshimiwa."

"Basi fungua mlango mwenyewe."

Tulitoka. Percy aliwatoa na wavulana wawili wa chuo waliokuwa namba kumi na moja. Tulisimama barabarani kwenye jua kali na upepo wa baridi, tukimtazama kupitia kioo. Aliongea kwa muda mrefu. Alionyesha kwa mkono urefu wa mtoto, kwanza chini, kisha juu zaidi. Aliacha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Anasema nini?" Percy aliuliza.

"Sijui."

"Amekubali au amekataa?"

"Nimekwambia sijui."

"Leo hujui kitu kabisa, dada yangu. Mji mzima utapata habari kuwa fundi alijiziba mdomo mwenyewe."

"Utawaambia wewe."

"Nitaanzia kwa fundi wa bajaji."

Nilitembea hadi kona na kurudi, mara sita. Saa tano na dakika mbili Bi Nieves alivua hedifoni, akaziweka juu ya kibao kwa uangalifu kama sahani ya udongo, akatoka. Macho yalikuwa makavu.

"Anabaki," alisema. "Anabaki kwangu. Januari atakwenda kwa baba yake wiki tatu." "Na kila Jumamosi saa kumi waongee wakionana kwa mtandao. Hakimu amesema ni lazima, na mimi ndiye wa kuhakikisha. Nikishindwa mara tatu, kesi inafunguliwa upya."

"Mlete hapa."

"Nimlete hapa?" Aliitazama namba nne kupitia kioo. "Jumamosi akikaa pale, atasikika?"

"Atasikika."

"Umejaribu?"

"Bado."

"Basi kajaribu kwanza, binti, ndipo uniambie."

Akashuka barabara karibu akikimbia, kuelekea kwenye nyama yake. Niliingia ndani. Namba nne ningeizima hapo ingerudi kuwa bubu, kwa hiyo kazi ilikuwa kuziyeyusha mashine zote kumi na mbili, kuwasha maiki moja moja, kuzisikiliza, na kuzigandisha upya. Percy alikuwa ameshakaa namba tisa akidai muda wake uliopotea. Nilimwambia anyamaze, nikaanza na namba moja.