Redio ya Protus na Mama Mkwe

Mume wangu Protus hakuwahi kuona kitu kibovu akakiacha kipumzike. Tulipopewa shamba Lumakanda, mwaka uliofuata Uhuru, wenzetu walikimbilia kupanda mahindi. Yeye alikimbilia stoo ya mzungu aliyeondoka, akatoka na kisanduku cha mbao kilichogugunwa na panya, amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Hii ni redio, Mama Musimbi."

"Hiyo ni kuni," nikamjibu.

Akaanza kuitibu. Ndani mlikuwa na taa moja tu ya kioo, na waya uliozungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu. Waya ulikuwa umekatikakatika, kwa hiyo akazungusha mwingine alioutoa kwenye dinamo ya trekta bovu. Vumbi alilifuta kwa unyoya wa jogoo wangu, jogoo mwenyewe akiwa bado anauhitaji. Akatandaza waya mrefu kutoka paani hadi kwenye mkaratusi, nami nikapigwa marufuku kuanikia nguo hapo. Siku redio ilipoamka, ilipiga yowe hadi ng'ombe akakata kamba.

Protus alinieleza, macho yakimng'aa, kwamba redio ile hujirudishia sauti yake yenyewe, na ndipo inapopata nguvu. Ukiilegeza inanong'ona, ukiizidisha inapiga yowe, na utamu wote uko pale inapokaribia kupiga yowe. Nikamwambia mtu wa namna hiyo nilishaolewa naye.

Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba kwaya yetu ya nyumbani, iliyorekodiwa na watu wa redio kabla hatujahamia huku, ingesikika Jumamosi alasiri kutoka Kisumu. Mama yangu, Navalayo, alishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Baba aliimba besi katika kwaya ile. Alikufa kabla hajalikanyaga shamba hili, na mama hakuwa na picha yake hata moja. Redio ya dukani isingemfaa, maana masikio yake yalikuwa mazito na pale dukani watu hawaishi kubishana. Kabla sijafungua kinywa, Protus akasimama katikati ya kanisa.

"Mama atamsikilizia mzee kwangu."

Nilimfinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Alikuwa amesahau tabia za redio yake. Kwanza, ilishika stesheni pale tu mkono wake ulipobaki kwenye kitufe. Akiutoa, sauti inateleza na yowe linaanza. Mimi nilijaribu kuishika, ikalia kana kwamba nimeikanyaga. Pili, haikuwa na spika; yowe peke yake ndilo lililosikika nyumba nzima. Ilikuwa na vikopo viwili vya kusikilizia vilivyofungwa kwenye kamba fupi. Kimoja kingekuwa cha mama, na kingine cha Protus, kwa sababu asiposikia hawezi kuirekebisha. Mimi, binti wa kuzaliwa, sikubakiwa na kitu.

Kwa maneno mengine, mtu na mama mkwe wake wakae goti kwa goti! Kwetu jambo hilo halifanywi. Protus hakuwahi hata kumpa mama mkono wa salamu. Akimwona njiani, alikuwa akiingia ndani ya mahindi mpaka apite, na mama naye alikuwa akijifanya anatazama ndege.

Jumamosi tukatundika shuka la kitanda katikati ya nyumba. Mama alikaa nami upande wa dirishani, Protus upande wa ukutani, na redio ikawekwa chini ya pindo la shuka. Kwa upande wetu ulitokeza mkono wa Protus peke yake. Mama aliutazama mara moja, kisha akageuza uso kwa heshima.

"Mwambie mama asiiname sana, sauti inaharibikanga," Protus akaniambia.

"Mama, anasema usiiname."

"Mwambie nimesikia. Masikio ndiyo mabovu, si akili."

"Baba Musimbi, anasema—"

"Nimesikia!"

Basi kwaya ikaanza. Nilijua kwa uso wa mama, uliofunguka wote. Lakini hapohapo yowe likatoka. Likapungua, likarudi. Nilitazama ule mkono wa Protus, nikaona vidole vinatetemeka. Mwanamume aliyewahi kumkabili nyati msituni, leo anatetemeka kwa kuwa mama mkwe anapumua karibu naye! Kila alivyojaribu kuutuliza mkono ndivyo ulivyozidi, na wimbo ulikuwa unakwenda. Wimbo ule haungerudiwa kwa ajili yetu.

"Mwambie mama anisamehe," Protus akasema. "Inapotea."

Sikupata nafasi ya kumwambia. Mama aliachana na dirisha, akanyoosha mkono, akaukamata ule wa mkwe wake kwenye kifundo, akaubana barabara juu ya kisanduku.

"Tulia, mwanangu," akasema. Hakupitishia kwangu. "Usitoe."

Vidole vya Protus vikasogeza kitufe kidogo, kidogo tena, vikasimama. Yowe likakatika. Mama akafumba macho, kikopo sikioni, midomo ikifuata maneno. Nami nilikaa pale nikimwonea wivu mama yangu mwenyewe, wivu wa kweli, kwa kuwa sauti ya baba ilikuwa hatua moja kutoka kwangu na siwezi kuisikia.

Ghafla mama akacheka, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Huyu mzee!" akasema. "Amechelewa kuingia, kama kawaida yake. Wenzake wameshafika mbele, yeye ndiyo kwanza anakohoa."

Hapo nami, bila kikopo, nikamsikia baba.