Bibi Mdogo Haamshwi Nusunusu

Mtaa mzima ulijua kwamba Daktari wa Meno ana wake wawili: mmoja anashona, mwingine anakunywa petroli. Yule anayeshona ndiye Mama Cherehani, aliyeolewa naye akiwa kigoli na kuzeeka naye. Wa pili alikuja mwaka Daktari alipostaafu, amebebwa mgongoni mwa lori kama bibi harusi anayeogopa vumbi. Mwekundu, mwembamba, na mfupi kiasi kwamba kuku wa jirani alimvuka bila kukunja goti. Watu wakamwita Bibi Mdogo. Walisema kila jino lililong'olewa mtaani lilinunua boliti moja ya gari lile, na wenye mapengo walipopita getini walilitazama kama mtu anayetazama shamba lake likilimwa na mwingine.

Na Bibi Mdogo alijua kudeka. Akikohoa, spea yake ilitoka ng'ambo kwa ndege, tena inasemekana siku moja ilipewa kiti cha dirishani na abiria mmoja akaambiwa asubiri ndege ya kesho. Kubadilisha klachi, injini nzima ilishushwa. Kubadilisha balbu ya mbele, gurudumu lilitolewa kwanza. Taa za onyo ziliwaka kwa zamu, na zilipowaka zote kwa pamoja Daktari alisema gari limefurahi. Matuta alivukishwa upande upande kama kaa, Daktari ametoa kichwa nje akimbembeleza: "Taratibu, mpenzi, taratibu." Mama Cherehani, ambaye hakuwahi kubembelezwa kwenye tuta lolote la maisha yake, aliyasikia hayo kutoka dirisha la chumba cha kushonea na kucheka mpaka sindano ikamchoma.

"Nikiugua mimi unanipa vidonge viwili na maji," alimwambia mumewe. "Akiugua huyu unaitisha mkutano."

"Wewe mke wangu ni imara. Huyu ni mgonjwa wa kuzaliwa."

"Kwa hiyo ulinunua mgonjwa."

"Nilinunua sauti," alisema Daktari, na kurudi chini ya gari.

Kisha Daktari akafa. Hakufa kwenye kona ya barabara kama mtaa ulivyotabiri. Alifia kitandani, kwenye usingizi wa mchana, miguu imepishana. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakarudisha viti vya kuazima. Mungu hakuwajaalia watoto, kwa hiyo viti vilipoondoka, nyumba ilibaki na mtu mmoja na friji. Mama Cherehani hakuwa amejua kwamba friji inaongea. Sasa aliijua ikianza, ikinung'unika, ikinyamaza.

Sura ya mumewe hakuikosa sana, kwani picha zilikuwepo. Alichokikosa ni ile sauti: gari likikata kona, likishuka taratibu, likiingia getini, kisha Daktari akikanyaga mafuta mara mbili, vruu, vruu, kabla ya kuzima. Hapo ndipo yeye alipokuwa akiweka kitambaa chini na kwenda mlangoni. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri alichukua kikombe chake cha chai, akafungua mlango wa gereji, akakaa kiti cha abiria, akanyoosha mkono na kuwasha. Gereji ilitetemeka. Na chini ya ngurumo ile, ambapo jirani hawezi kusikia na kusema mjane amechanganyikiwa, alizungumza na mumewe. Alimweleza bei ya vitambaa, goti linalouma, nani kaposwa, nani kaachika. Chai ikiisha, alizima, akafuta kioo, akafunga mlango.

"Shemeji, nimepata mnunuzi," alisema mdogo wa marehemu kwa simu. Huyu alikuwa mtu wa kuuza vitu. Angeweza kukuuzia kivuli chako na kukuachia jua. "Uza sasa. Chuma hakikaliwi eda."

"Siuzi. Linawaka vizuri."

"Linawaka, halafu? Wewe unalipeleka wapi?"

"Silipeleki popote. Nalitunza."

"Haya shemeji. Likikufia usinililie."

Ijumaa iliyofuata Bibi Mdogo alikohoa. Alitoa moshi mweupe, akatetemeka kama mwenye homa, akazimika mwenyewe kabla chai haijafika nusu. Mama Cherehani aliwasha tena. Kikasikika kitu ndani kikigonga, kama mtu anayeomba kufunguliwa. Akaita fundi.

Fundi alikuwa akimhudumia Bibi Mdogo tangu alipokuja. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mkubwa kwelikweli. Siku ya kwanza alipojaribu kukaa kwenye usukani aliingia sawasawa, ila kutoka ndiko kulikoshindikana, mpaka kiti kikafunguliwa boliti na yeye akatolewa nacho. Tangu hapo alilitibu gari kutokea nje. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akamnusisha Mama Cherehani.

"Unasikia nini, mama?"

"Petroli."

"Na hii ni oili. Nani analiwasha gari hili?"

"Mimi. Kila Ijumaa, lisilale likafa."

"Unaliwasha kwa muda gani?"

"Muda wa chai."

Fundi alifuta kijiti taratibu, akakifuta tena ingawa kilishakuwa kikavu. "Injini hii ikiwa baridi inakunywa kwa pupa, mama. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili. Gari likienda mbali likapata moto, ile petroli inakauka, na unyevu unakauka. Wewe unamwamsha, anapata fukuto, unamlaza tena. Kila Ijumaa umemtilia kijiko cha sumu."

"Mimi nilikuwa nalitunza, fundi."

"Najua. Mengi nayaona yanakufa hivi hivi. Kwa kutunzwa."

Mama Cherehani alikaa kwenye benchi la zana. "Niambie la kufanya."

"Njia mbili. Nimwage oili hii, nitoe betri, tulifunike lilale. Halitaharibika zaidi, ila litanyamaza. Au liende barabarani, barabara kuu, mpaka mshale wa joto usimame katikati na ukae hapo. Kila wiki. Ukiendelea na hii ya chai, injini itakatika, na kuifufua ni kuuza paa la nyumba na mvua yake. Sasa nani wa kuliendesha? Mimi unanijua."

"Tukikufungua boliti?"

Fundi alicheka, akaacha. Mama Cherehani alikuwa anatazama gari. Ukimya alishauonja. Alijua friji inasema nini.

"Mwaga oili hii, utie mpya," alisema. "Nitaendesha mimi. Sare za shule za mji huu nani alizisambaza akiendesha kile kigari changu cha zamani?"

Fundi alifanya kazi yake, akampa ufunguo, akaenda zake akitikisa kichwa.

Kiti cha dereva kilikuwa kimeshika umbo la mgongo wa Daktari. Klachi ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Getini gari lilimzimikia mara mbili, wenye mapengo wakasimama kutazama, na mmoja akasema, "Leo bibi mkubwa kampanda bibi mdogo," na Mama Cherehani akamjibu kupitia dirishani kwamba angalau yeye ana meno ya kulia ndizi. Matuta aliyavuka upande upande. Kisha barabara kuu ikafunguka.

Mshale ulipanda. Ulipofika katikati, sauti ikabadilika. Ile ngurumo aliyoijua ilipotea, ikaja nyingine, nyembamba, safi, inayopanda kila alipokanyaga na kuingia mpaka kwenye mbavu. Mama Cherehani hakuwahi kuisikia. Miaka yote ile mumewe alikuwa na sauti hii huku nje, na kila alipofika kona ya mtaa wao alikuwa ameshapunguza mwendo. Nyumbani alileta mabaki. Mama Cherehani alifungua kinywa amwambie, kama Ijumaa nyingine, lakini kulikuwa na lori mbele, na gia, na kioo cha pembeni, na neno halikupata nafasi. Ilikuwa furaha, hakukataa. Lakini ilimkaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine: kitambaa cha bei, mshono safi, mabega siyo yake.

Akageuza, akarudi. Alikata kona, akashuka taratibu, akaingia getini, na mguu wake wenyewe ukakanyaga mara mbili, vruu, vruu. Akazima. Akakaa mikono kwenye usukani, akingoja.

Ilimchukua muda kujua anangoja nini. Alikuwa anangoja mlango wa nyumba ufunguliwe. Dirisha la chumba cha kushonea lilikuwa wazi, taa haijawashwa, na pale kwenye cherehani hapakuwa na mtu wa kuweka kitambaa chini. Sauti ilikuwa imerudi nyumbani kweli, nzima kabisa. Aliyekuwa akiisikia ndiye aliyekuwa nje, ameshika usukani.

Alitoa simu.

"Shemeji, yule mnunuzi wako."

"Eeh. Nilijua tu. Bei tutaongea, nitam..."

"Ana mtu nyumbani?"

"Mtu? Mtu gani?"

"Mtu. Akirudi jioni, kuna mtu ndani?"

"Shemeji, watu huulizwa kama wana hela."

"Jibu."

"Ana mke. Na mama mkwe amehamia, analalamika kutwa kelele za gari la zamani. Mbona?"

"Anasikia vizuri huyo mama mkwe?"

"Kuliko mbwa."

"Basi mlete Jumamosi. Umwambie haamshwi nusunusu. Akiwashwa aende mbali, ndipo arudi."

"Nitamwambia. Shemeji, uko salama?"

"Niko nje," alisema, akakata.

Aliteremka, kazi ngumu kwa goti lile, akasimama kando ya gari. Vyuma vilikuwa vinapoa, vikilia tik, tik, kwa pamoja mwanzoni, kisha kimoja kimoja. Alisimama hapo mpaka kile cha mwisho.