Nane Yao, Nane Yetu

Nianze kwa kukubali kwamba mimi ni mtu wa kujisifu. Mke wangu husema hata nikikohoa nangoja makofi. Kwa hiyo hospitali yetu ilipofungua chumba cha ushauri wa mbali, chenye meza moja, skrini kubwa na kamera inayogeuza shingo, na mimi nikapewa kazi ya kuratibu mikutano, kichwa kilinivimba vibaya sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alhamisi moja kila mwezi, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mama mmoja aliye mbali sana na sisi, alitupa saa moja ya muda wake bila malipo. Tulimweka mgonjwa mmoja mbele ya kamera, daktari wetu akaeleza na kutafsiri, bingwa akaagiza kidole kikunjwe au kikunjuliwe, mwisho akatoa uamuzi. Muda wa mkutano aliupanga yeye, kwa saa za kwao. Mimi niliugeuza kuwa saa za kwetu, nikampigia mgonjwa simu, nikamwarifu daktari.

Dada wa mapokezi alinishauri nitumie programu ya kompyuta inayogeuza saa. Nilimcheka. Mimi nilikuwa nimegundua siri. Wenzetu wale huanza kuhesabu saa katikati ya usiku, sisi tunaanza kunapokucha, na hapo pana tofauti ya sita. Tena wao wako nyuma yetu kwa saa sita. Sita inakula sita! Bingwa akiandika nane asubuhi, sina haja ya kujumlisha wala kutoa, hapa kwetu ni saa nane mchana. Akiandika tisa, ni saa tisa. Nane yao, nane yetu. Niliwaonyesha manesi, nikamwonyesha hata mganga mkuu, na kwa miezi minne mikutano ilikwenda bila doa. Wakanibatiza Profesa wa Saa, na mimi nilipoitwa hivyo niliitika haraka kuliko nilivyoitika jina nililopewa na baba.

Bingwa alikuwa na karani, na karani huyo alikuwa na ugonjwa wa kuandika barua pepe ndefu. Mwezi wa tatu alileta moja iliyohusu kubadilika kwa saa. Nikasema moyoni, huyu naye anataka kunifundisha kazi? Nikaifunga bila kuisoma.

Mgonjwa wa mwezi ule alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, mwembamba, mwenye maneno machache. Mkono wake wa kulia, ule wa mkasi, ulikuwa umeanza kufa ganzi. Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imenywea, na sindano zilimdondoka bila yeye kujua. Daktari wetu alisema mshipa umebanwa, lakini kama upasuliwe, na upasuliwe wapi, alitaka neno la bingwa. Nilimpigia fundi kumpa tarehe.

"Kaka, mkono huu ndio unaotulisha," akasema. "Nitakuwepo. Saa ngapi?"

"Saa nane kamili mchana. Usichelewe mama, bingwa hangoji mtu."

Hayo yalikuwa maneno yangu, kwa sauti yangu.

Alhamisi ile nilikula nikashiba. Saa nane kasoro dakika tano niliingia chumbani, nikafuta kioo cha kamera, nikawasha skrini. Bingwa hakuwepo. Palikuwa na ujumbe kutoka kwa karani wake. Bingwa aliingia kwenye mkutano saa moja iliyopita, alingoja nusu saa mbele ya kiti kitupu, akaondoka kwenda chumba cha upasuaji. Chini yake karani alikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba kama alivyoeleza katika barua yake, kwao saa zimesogezwa mbele kwa msimu wa joto.

Tofauti haikuwa sita tena, ilikuwa tano. Nane yao siku hiyo ilikuwa saa saba yetu. Saa saba mimi nilikuwa kantini, nikimsimulia mhasibu jinsi nilivyo hodari wa hesabu.

Nilikaa pale nikitafuta namna ya kumwambia daktari. Nilijaribu sentensi moja, nikajaribu nyingine, zote zilikuwa na neno "mimi" mahali pabaya. Robo saa nzima ikapita hivyo. Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia fundi cherehani, anahema, bahasha ya picha za mkono iko kwapani. Nyuma yake alikuwepo mdogo wake wa kike, msusi, vidole bado viking'aa mafuta ya nywele.

"Nisamehe kaka, nisamehe sana," fundi akasema. "Tumechelewa. Huyu mdogo wangu ndiye wa kunileta, na alikuwa na mteja. Kila nikimwambia twende, ananiambia kimebaki kipande kimoja."

"Kilikuwa kimebaki kipande kweli, dada," msusi akasema. "Ningemwachaje mtu na nusu kichwa?"

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi na nane. Naapa sikupanga. Neno lilikuja lenyewe, kana kwamba mtu ameniletea kwenye sahani.

"Mmechelewa, mama. Bingwa ameshaondoka."

Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua ninachofanya. Fundi alikaa kwenye kile kiti kilichongojewa na bingwa, akaweka bahasha mapajani. Hakulia. Alimgeukia mdogo wake akamtazama tu, na msusi akainamisha uso, akaanza kujifuta mafuta kwenye sketi. Mimi nikanyanyua simu nikampigia daktari, aliyekuwa bado wodini akingoja nimwite. "Usijisumbue kuteremka, dokta. Mgonjwa amechelewa." Kisha nikachukua fomu, na kwenye mstari wa sababu nikaandika: mgonjwa hakufika kwa wakati. Mwandiko wangu ni mzuri, na siku ile niliandika kwa uzuri uleule.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba mgonjwa asiyefika anarudi mwisho wa foleni. Mbele yake walikuwepo wawili, kwa hiyo zamu yake ilikuwa mwezi wa sita. Nilifikiria kumsogeza mbele. Lakini kumsogeza kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa mimi. Nilirekebisha hesabu yangu kimyakimya, nikaanza kutumia ile programu niliyoicheka, huku nimemgeuzia dada wa mapokezi mgongo wa skrini asinione. Waliponiita Profesa niliitika, ila sauti ilipungua. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni uchovu.

Kilichonimaliza ni simu za fundi. Kila mwezi alipiga kuuliza kama kuna nafasi iliyopatikana, na kila mara alianza kwa kuomba radhi. "Mimi ni yule mama aliyewachelewesha," ndivyo alivyojitambulisha. Sikuwahi kumwambia hapana, si wewe. Nilimjibu, "Haya mama, tutaona," kama mtu anayesamehe. Nikikata simu nilibaki nimeshika kichwa. Nilijiona mdogo, tena mchafu, na kesho yake nikafunga tai nikaenda kazini.

Mwezi wa sita ukafika. Nilimwambia aje saa sita na nusu kwa mkutano wa saa saba. Alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa peke yake, bahasha ileile kwapani, akakaa kwenye benchi la korido mpaka zamu yake, hata maji hakwenda kunywa asije akapitwa.

Bingwa alitokea kwenye skrini, mama mwenye nywele fupi za mvi na miwani iliyoteleza puani. Daktari wetu alieleza. Mimi niliigeuza kamera ikatazama mkono. Bingwa akaagiza fundi aguse kidole cha mwisho kwa kidole gumba. Kidole gumba kilitetemeka, kikafika nusu ya safari, kikasimama. Nilikuwa nimekiona kwa karibu mwezi wa tatu, siku fundi alipokuja kujiandikisha. Siku hiyo kilifika.

Bingwa alivua miwani, akasema maneno mengi polepole. Daktari wetu alisikiliza, kisha akamgeukia fundi.

"Anasema atakupasua daktari wa hapa, yeye atamwelekeza. Maumivu yataisha na ganzi itapungua. Lakini nguvu ya kidole gumba haitarudi yote. Mkasi mzito huenda usiuweze tena. Anasema angeona mkono huu mwezi wa tatu, angekuwa na matumaini zaidi. Anauliza, mwezi wa tatu kulitokea nini? Yeye alingoja."

Nilikuwa nimeshika kidude cha kuongozea kamera. Nilijiambia, sema sasa. Nikajiambia tena. Fundi akanitangulia.

"Mwambie anisamehe," akasema. "Kosa lilikuwa letu. Tulichelewa."

Daktari akatafsiri. Bingwa akatikisa kichwa kwa huruma, akasema haidhuru, hutokea. Wakaagana. Skrini ikawa nyeusi, na humo nikajiona nimesimama, tai imenyooka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari alikuwa akiandika. Fundi alijaribu kurudisha picha kwenye bahasha kwa mkono wa kulia, zikateleza zote sakafuni. Niliinama kuziokota, yeye akainama pia, na tukiwa huku chini akasema, kama anayejisemea, "Basi si kitu. Na yule mdogo wangu simpokelei simu tangu siku ile. Amekuja mlangoni mara tatu na sikumfungulia. Nilimwambia amekiuza kidole changu kwa kichwa cha mteja."

Sikuinuka. Nadhani ningeinuka nisingesema.

"Mama, hamkuchelewa," nikasema. "Yaani mlichelewa, lakini haikujalisha. Bingwa alikuwa ameondoka zamani. Mkutano ulikuwa saa saba. Mimi ndiye niliyekuambia saa nane. Nilikosea hesabu, na barua ya kunionya ililetwa, sikuisoma. Halafu nikakuacha uamini ni ninyi."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Umesemaje?"

"Na kwenye fomu niliandika uongo, dokta."

Daktari hakunifokea, afadhali angenifokea. "Miezi mitatu," akasema. "Kila mwezi ningeweza kumwomba bingwa dakika kumi za ziada. Ungeniambia siku ileile, ningeomba kesho yake." Akaifunga kalamu yake. Nilijua kwamba jioni ile mganga mkuu angekuwa na habari zote, na nilijua pia kwamba hilo halikuwa kubwa kama nilivyodhani.

Fundi alikuwa bado amechuchumaa. Alizikusanya picha kwa mkono wa kushoto, moja moja, akazipanga. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na hamu ya kutukanwa, ningelipokea tusi kama mtu anayelipwa.

"Miezi mitatu unanijibu 'haya mama, tutaona'," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nakuombea dua kwa uvumilivu wako."

Machozi yalinijaa, nikaona haya hata kuyafuta mbele yake, maana hayakuwa na haki ya kuwepo.

Alisimama, akatoa simu kwenye mkoba kwa mkono wa kushoto, akaiweka mezani. Kwa kidole cha shahada cha mkono huohuo alibonyeza taratibu, namba baada ya namba. Hakuwa amelihifadhi jina la mdogo wake. Labda alikuwa amelifuta. Simu ilipoanza kuita akanisukumia.

"Mwambie," akasema. "Kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Niliiweka sikioni. Iliita mara moja tu. Nilisikia feni ya kukaushia nywele ikizimwa, na kabla sijafungua kinywa, msusi alikuwa ameanza.

"Dada? Dada, ni wewe? Usikate, nakuomba. Nimeacha kusuka Alhamisi zote, dada. Siku hiyo sichukui mteja hata mmoja. Kosa ni langu, najua ni langu, nilikuwa na tamaa ya kumaliza kichwa. Nisamehe. Nipige ukitaka, lakini nisamehe."

Nikamsikiliza mpaka alipoishiwa pumzi. Fundi alikuwa ananitazama usoni, na daktari naye.

"Si dada yako," nikasema. "Ni mimi, wa hospitali."