Mlango wa Sentimita Tisini

Mume wangu aliacha kunywa maji mchana. Hakusema sababu, nami sikumwuliza, maana nilikuwa naijua. Tangu miguu yake ikatae kazi, miaka miwili sasa, kwenda chooni kulikuwa ni mimi kumshika kwapani, yeye kuning'inia shingoni mwangu, na wote wawili kupita upande upande kama watu wanaohamisha kabati. Kiti chake cha magurudumu kilibaki nje. Pale tulipopanga mlango ulikuwa mwembamba, na mwenye nyumba hakutaka ukuta wake uguswe.

Ndiyo maana tukajenga. Vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Mengine yangekuwa vyovyote vile. Nilichotaka ni mzee aingie chooni peke yake na akae humo hata kutwa.

Fundi alitafutwa na binti yangu mkubwa. Wenzake walimwita Timazi, kwa vile alitembea wima kama aliyening'inizwa kwa uzi, na kazi yake ilisifiwa. Alikuja na mkataba wa kurasa sita na mchoro mmoja, akatusomea mbio mbio huku mimi nikifuata kwa kidole. Mara mbili nilimwomba apunguze mwendo. Alipofika kipengele cha kumi na moja akasema, "Hiki ni cha mabadiliko tu, bibi. Mkibadili kitu, kinaandikwa, tunasaini wote." Akafunua ukurasa. Tulisaini mimi na mzee, yeye kwa herufi zake kubwa za zamani.

Kuta zilipofika magotini nilikwenda kiwanjani na kamba. Nilikuwa nimempima mzee akiwa kwenye kiti, viwiko vikiwa nje kama anavyosukuma. Nilimwambia Timazi mlango wa choo uwe mpana kama wa chumbani.

"Wa choo huwa sabini, bibi."

"Kwenye sabini hapiti. Ukitia fremu ndiyo kabisa."

Aliipima kamba yangu kwa futi yake. Themanini na mbili. "Basi tisini. Limepita hilo."

"Tuandike?"

Akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Mimi na wewe tuandikiane barua kama wachumba? Babu atasemaje?"

Mafundi wakacheka, nami nikacheka. Mtu ananiita bibi, amekubali mbele ya wenzake, halafu nimsukumie kalamu? Niliona ni kumwambia simwamini. Nikarudi nyumbani.

Timazi aliitwa kwenye kazi nyingine kwa siku nne. Fundi wa ukuta aliyebaki alifuata mchoro, na mchoro ulisema sabini. Nilipokwenda tena kuta zilikuwa zimenipita kichwa, na linta, lile zege la juu ya milango, imekwisha kauka. Nilisimama kwenye uwazi wa choo nikanyoosha kamba yangu. Ilizidi kwa upana wa kiganja na zaidi.

Timazi alitoa mchoro akanionyesha. Hakuwa na ubishi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilisahau kumwambia, bibi. Lakini karatasi inasema sabini."

Nyumbani binti yangu aliwaka. "Twende kwa mwanasheria! Alikubali mbele ya watu!"

"Watu wenyewe ni wafanyakazi wake," nikamwambia.

"Mama, upole wako utatumaliza."

"Niacheni," mzee akasema. "Nimeshazoea kubebwa kama gunia la sukari. Sukari, si pumba." Hakuna aliyecheka.

Nilichukua mkataba nikausoma siku tatu, kurasa mbili kila siku. Kipengele cha tisa kilisema fundi atarekebisha kwa gharama yake kazi yoyote iliyokwenda kinyume na mchoro. Nilikirudia. Kazi yake haikuwa kinyume na mchoro. Nilimwita binti yangu, nikamwonyesha.

"Karatasi iko upande wake," nikasema.

"Kwa hiyo tumekwisha?"

"Kwa hiyo hatuwezi kulalamika. Bado hatujaomba."

Kipengele cha kumi na moja, kile cha mabadiliko tu, kilikuwa na mistari mingine ambayo hatukusomewa. Mwenye nyumba, yaani sisi, anaweza kuomba mabadiliko wakati wowote kabla ya kukabidhiwa, kwa maandishi, na fundi atamjibu ndani ya siku saba, kwa maandishi, aseme yatafanywaje na yataongeza siku ngapi. Niliandika barua ya mistari mitatu. Binti yangu alitaka niongeze neno uzembe. Nikakataa.

Kesho yake Timazi alikuja, barua mkononi, hataki hata kukaa.

"Bibi, umenishtaki?"

"Nimekuomba."

"Nakala umempelekea nani?"

"Mzee. Yule pale."

Mzee akapunga mkono.

Timazi akaisoma tena. "Hapa hujaandika kwamba nilikubali."

"Kwa sababu siwezi kulithibitisha. Kwa mkataba huu umejenga sawasawa. Ninaomba kubadili."

Hapo ndipo akavuta kiti.

Jibu lake lilikuja siku ya tano. Kulia kwa mlango kulikuwa na nguzo, haiguswi. Kushoto kulipita bomba la maji, na hilo lingehamishwa, ukuta ubomolewe, linta imwagwe upya. Gharama nusu yake, nusu yetu, na hiyo nusu yake sikuwa nimeiomba. Siku zingeongezeka kumi na moja baada ya tarehe ya kukabidhi.

Siku hizo ndizo hatukuwa nazo. Chumba tulichopanga kilikuwa kimekwisha pata mtu mwingine kuanzia mwisho wa mwezi.

"Hamieni tu," Timazi akasema. "Mtakaa sebuleni, sisi tunamalizia huku nyuma. Kwani mimi nakimbilia wapi?"

Binti yangu alikuwa ameshaanza kupanga nani atabeba vitanda. Nikafungua ukurasa wa tano, nikaweka kidole kwenye kipengele cha kumi na nne, nikamsogezea fundi. Mwenye nyumba akihamia kabla ya makabidhiano, itahesabiwa ameipokea nyumba kama ilivyo.

"Kama ilivyo ni sabini," nikasema.

Timazi alisoma midomo ikitikisika, akakuna kidevu. "Bibi, nikwambie ukweli? Huku sijawahi kufika. Mkataba huu nilipewa na fundi aliyenifunza kazi. Mimi nabadilisha majina tu."

"Miaka mingapi?"

"Tisa." Akaufunga. "Lakini wewe huniamini mpaka tuandike na hili?"

"Nakuamini. Andika."

Akamtazama mzee, kama anayetafuta wa kumsaidia.

"Andika tu, kijana," mzee akasema. "Mimi ni mumewe, na bado alidai cheti."

Timazi akacheka, akaomba kalamu. Aliandika kwamba kuhamia sebuleni si kupokea nyumba, kwamba mlango wa choo utakuwa sentimita tisini, na kwamba siku kumi na moja zimekubaliwa. Tukasaini watatu, binti yangu akawa shahidi.

Tulihama. Tukaishi sebuleni nyuma ya turubai, vumbi likiingia hadi kwenye sukari. Siku ya pili bomba lilipasuliwa kwa nyundo na tukalowa wote. Kumi na moja zikawa kumi na mbili. Siku hiyo ya kumi na mbili fremu ilikuwa imesimama, lakini mlango wenyewe uliegemezwa nje, rangi mbichi.

Mzee hakungoja rangi ikauke. Alisukuma magurudumu, akapunguza mwendo penye fremu, viwiko vikapita kimoja huku na kimoja huku bila kugusa. Tukabaki tumesimama tukimtazama, mimi, binti yangu, Timazi na brashi yake.

"Mnangoja nini?" akauliza kutoka ndani. "Hapa hakuna mlango. Tokeni nje wote."

Tukatoka, tukakaa juu ya matofali yaliyobaki. Alikaa humo muda mrefu. Timazi akaniuliza kama nitakwenda kumwangalia. Nikamwambia hapana.