Njiwa wa Mama na Kikombe cha Bayoumi

Kaka yangu Bayoumi ana kikombe cha fedha juu ya kabati la vyombo, na kila anayekunywa chai kwetu lazima asikilize habari zake. Atasema ni mabega. Atasema ni pumzi. Wajukuu wanakodoa macho, nami napitisha sinia la biskuti huku nimeuma ulimi. Leo amekwenda kung'oa jino, kwa hiyo nitasema mimi.

Miaka ile ya hamsini ubingwa wa dunia wa kuogelea baharini haukuwa na mwenyewe. Waingereza walikuwa na mlango wao wa bahari, Waitalia Ghuba yao ya Napoli, na sisi Wamisri tulikuwa na Nile, na Aleksandria, na midomo ya kujisifu. Aliyeshinda popote alijiita bingwa wa dunia, na asiyekubali alikaribishwa majini. Bayoumi alikuwa ameshindwa mara mbili katika mbio za kimataifa za hapa hapa nyumbani, kutoka Abu Qir mpaka kwetu Anfushi. Chama cha kuogelea kikamwambia waziwazi: safari hii ashinde, la sivyo jina lake linafutwa kwenye timu, na Ulaya ataiona kwenye ramani.

Hoteli zilijaa mwaka huo, waogeleaji wa kigeni wakagawiwa majumbani. Sisi tukaletewa Catello, Mtaliano wa Castellammare, yule yule aliyemshinda Bayoumi mwaka uliotangulia. Bayoumi alipomwona mlangoni na sanduku lake, uso ulimsawijika.

"Mama, huyu ni adui yangu!"

"Adui yako huko baharini," Mama akamjibu. "Akivuka kizingiti hiki ni mgeni wangu. Mbebee sanduku."

Shetani hana likizo. Jioni ile ile nilimvuta jikoni Mjomba Fathallah, ndugu yake Mama, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa Bayoumi.

"Mjomba, tumlishe."

"Tumlishe nini?"

"Kila kitu. Siku kumi mfululizo. Akitiwa majini azame kama jiwe la kusagia."

Mjomba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "We Inshirah, mume atakayekuoa namwombea dua kuanzia leo."

Mama hatukumwambia, wala hakuhitaji kuambiwa. Kwingine mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Kwa Mama siku ya tatu ndiyo kwanza bata anachinjwa. Palikuwa na njiwa waliojazwa ngano, palikuwa na sungura na mlenda, palikuwa na mkate wa matabaka unaotiririka samli. Catello akisukuma sahani, Mama hushika kifua: "Hukipendi chakula changu, mwanangu?" Maskini hulegeza mkanda, akaanza upya. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake na upawa. Kwa siku kumi alijifunza maneno mawili tu ya kwetu. La kwanza ni "Wallahi nimeshiba," ambalo halikumfaa kitu. La pili ni "Tangulia wewe," maana kwetu watu wawili hawapiti mlango mmoja bila kugombania nani awe wa nyuma.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bayoumi hakupona. Minofu ilikwenda kwa mgeni, yeye akabaki na shingo za bata na adesi.

"Mama, na mimi naogelea!"

"Wewe upo nyumbani. Utakula maisha yako yote."

Siku ya mbio upepo uligeuka, maji yakawa baridi ya kuuma mifupa. Mjomba alipokuwa anampaka Bayoumi mafuta ya kondoo, mbavu zilihesabika. Pembeni Catello aling'aa, kitambi mbele. Mjomba akaacha kupaka.

"Inshirah," akaniambia kwa sauti ya chini, "mnene hashikwi na baridi."

Nikaelewa. Kila njiwa niliyemsukumia yule Mtaliano nilikuwa namvisha koti. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilimwingiza na kaka yangu.

Mimi na Mjomba tulimfuata kwa mashua. Kufikia saa ya nne ya mbio Catello alikuwa mbele kabisa, na Bayoumi midomo imekuwa ya zambarau. Angeigusa mashua tu, mbio zingekuwa zimekwisha kwake, kwa hiyo tulimpa chai kwa kikombe kilichofungwa kwenye mti mrefu.

"Hakuna chakula?" akauliza, meno yakigongana.

"Chai tu."

"Yeye anakula nini kule?"

Nilitazama mashua ya Waitalia. Mama alikuwa amewafungia kapu.

"Njiwa," nikasema.

Sijaona dawa kama ile. Alitukana tusi ambalo silirudii, akakisukuma kikombe, akaondoka. Hasira ilimpasha moto kuliko mafuta yote ya kondoo. Karibu na Anfushi alimfikia Catello. Wakaja sambamba mpaka kwenye kamba ya mwisho, ambapo wa kwanza kuishika ndiye mshindi. Ufuo mzima ulikuwa umesimama.

Hatua mbili kutoka kwenye kamba Catello akasimama. Akainua kichwa, akatabasamu na kusema kwa lugha yetu, "Tangulia wewe."

"Gusa, Bayoumi!" nilipiga ubavu wa mashua kwa ngumi. "Gusa kamba, we punda!"

Lakini Bayoumi amelelewa na Mama. "Haiwezekani," akasema, akikanyaga maji. "Wallahi utatangulia wewe."

"Tangulia wewe."

"Nimeshaapa!"

Jamani, niliwaona kwa macho yangu. Wanaume wawili wenye akili, baada ya saa saba baharini, wanakaribishana. Mwishowe baridi ilimshinda Bayoumi, akanyoosha mkono kuelekea kamba. Na hapo sauti ikatoka ufuoni ambayo tungeitambua hata kaburini.

"Bayoumi! Mgeni kwanza!"

Mkono ukarudi. Catello akashika kamba. Nililia palepale ndani ya mashua, na sikulilia ushindi. Nililia upawa wangu.

Chama kilifuta jina la Bayoumi wiki ile ile. Nilikwenda kwa Mama nikaungama yote. Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

"Wewe umemlisha kwa nia mbaya, mimi kwa nia njema," akasema. "Tumbo halikujua tofauti. Nenda kamwombe kaka yako radhi."

Mwaka uliofuata barua ikaja kutoka Castellammare. Catello alikuwa amemdhamini Bayoumi kwenye mbio za ghuba yao, na atalala kwao, kwa mama yake. Bayoumi akaenda pamoja na Mjomba, na Mjomba ndiye aliyenisimulia. Bayoumi na Catello wakaja tena sambamba mpaka mwisho. Ukingoni mwanamke mnene mwenye nguo nyeusi akapiga ukelele mmoja kwa Kitaliano. Catello akarudisha mkono.

Bayoumi anadai yule mama alikuwa anagombana na muuza samaki.

Aliporudi alimwekea Mama kikombe mapajani. Mama hakukitazama. Alimfunua shati, akamkagua kitambi kipya alichorudi nacho, akakipapasa kwa kiganja.

"Yule mwanamke," akasema, "ni mtu kweli."