Moyo Wenye Wageni

"Sogeeni, msikilize moyo huu!" profesa aliwaambia wanafunzi wake, nao wakasongamana kwenye kitanda cha jirani kama watu waliosikia kuna ugomvi uchochoroni.

Fundi cherehani akajivutia shuka. Moyo wake yeye, wenye vali iliyobana, kilango cha damu kisichofunguka vizuri, ulisikilizwa na daktari mmoja tu, tena akipiga miayo. Na yeye ndiye aliyetangulia wodini! Huyu muuza mitumba kaja juzi, na moyo wenye tundu unaovuma kama cherehani mbovu, wodi nzima ikamwita Malkia. Wageni wake walijaa hadi wakamkalia Fundi miguuni. Na kesho anapasuliwa Malkia. Fundi kawekwa akiba: naye asile wala asinywe, ili Malkia akiahirishwa, aingie yeye.

"Ana nyota huyo, hata kuugua kaugua vizuri," Fundi alimnong'oneza sista.

"Wivu huo, mama. Utakupandisha presha."

"Wivu? Mimi? Nilionee wivu tundu?"

Asubuhi mgawa chai, kwa mazoea, akaweka kikombe kwenye kila kabati, hata la waliokatazwa kunywa. Malkia alikishika cha kwake kwa mikono miwili. Akakiinua hadi mdomoni, akakishusha, chai ikamwagikia shuka.

"Shoga," alisema, ile sauti yake ya sokoni imemtoroka, "nikipiga funda moja tu, wananiahirisha. Uende wewe. Si unaitaka hii zamu?"

Fundi akameza mate. Aliitaka. Aliitaka mpaka meno yakamuuma. Angegeukia ukutani tu, anyamaze, basi, zamu ingekuwa yake. Huko koridoni magurudumu ya machela yakaanza kulia.

"Lete hapa!"

Akampokonya kikombe, akakigugumia chote, mpaka masalia ya majani.

"Chai yenyewe maji ya kuoshea vyombo," alifoka, akijifuta mdomo. "Na ukirudi, wageni wako wasinikalie miguu. Umesikia?"

Malkia alicheka, akalia, akapandishwa kwenye machela. Wanafunzi wakamfuata wote, kama wanasindikiza bibi harusi. Fundi akawakodolea macho, midomo kaibenua, mpaka mlango ukajifunga nyuma ya koti jeupe la mwisho.

Wodi ikapoa. Kikombe kilikuwa bado na joto. Akakigeuza, akakibandika mdomo chini kifuani pake, upande wa kushoto, kama kipimo cha daktari, akatega sikio.